Magari 900 kwenye tope: uchambuzi wa kisa cha Sisera

Sisera, jemadari wa Kanaani katika Biblia, anakumbukwa kwa kigingi cha hema kilichomuua. Ukimtaja kanisani au darasani, wengi wanarukia hema la Yaeli, mwanamke aliyemuua, maziwa na nyundo, na yote yaliyotangulia wanayaona kama maelezo ya kufungulia hadithi. Lakini hadi anafika kwenye lile hema, Sisera alikuwa keshapoteza jeshi lake, gari lake mwenyewe na njia ya kurudi kwake. Aliyefia pale alikuwa mkimbizi mwenye kiu. Anayetaka kujua jinsi jemadari mwenye silaha bora kuliko zote katika bonde lile alivyopigwa na wakulima wasio na ngao, atazame uamuzi wake mmoja wa mapema: kuyapeleka magari yake yote ya vita ukingoni mwa mto Kishoni kwa sababu ameambiwa adui amepanda mlima Tabori.

Habari zake ziko Waamuzi sura ya 4 na ya 5. Ya kwanza ni masimulizi, ya pili ni wimbo wa Debora, ambao wataalamu wengi wanauhesabu miongoni mwa mashairi ya kale kabisa ya Biblia ya Kiebrania. Zisomwe pamoja, maana kila moja ina kitu ambacho nyenzake haina. Sura ya 4 inatoa hesabu na mpangilio: magari 900 ya chuma, watu 10,000 wa Naftali na Zabuloni, mlima, mto, hema. Mvua haitaji hata kidogo. Inasema tu kwamba BWANA alimfadhaisha Sisera na magari yake yote. Wimbo ndio unaoleta mbingu zinazodondosha maji, nyota zinazopigana kutoka njia zao, na mto unaozoa watu. Kwa upande wake, wimbo haumtaji popote Yabini, mfalme wa Sisera. Unasema walikuja wafalme wa Kanaani, wakapigana Taanaki penye maji ya Megido, kisha unaita majina ya waliofika (Efraimu, Benyamini, Makiri, Zabuloni, Isakari na Naftali) na ya waliobaki kwao: Reubeni akitafakari mazizini, Gileadi ng'ambo ya Yordani, Dani kwenye merikebu, Asheri ufukoni.

Anayesoma sura ya 4 peke yake anabaki na ushindi usioelezeka. Anayesoma ya 5 peke yake hajui nani alimtuma nani, wala wapi.

Bonde na miaka 20

Yabini, aliyewaonea Waisraeli miaka 20, anaitwa mfalme wa Kanaani aliyetawala Hazori, kaskazini mwa Bahari ya Galilaya. Jemadari wake hakukaa naye. Alikaa Haroshethi ya Mataifa, na hilo peke yake linaonyesha kazi yake: hakuwa mlinzi wa ikulu, alikuwa mshika njia. Bonde la Yezreeli ndilo lililopitisha barabara kuu ya misafara kutoka Misri kwenda Shamu. Ni uwanda wa shamba, mpana, tambarare, umezungukwa na vilima. Waisraeli walikuwa vilimani, pande zote mbili: Efraimu na Manase kusini, Zabuloni na Naftali kaskazini. Mwenye kulishika bonde amewakata vipande viwili, na amekaa juu ya biashara yote inayopita.

Wimbo unaeleza athari yake kwa mstari mmoja unaotosha: njia kuu zilikuwa tupu, na wasafiri walipita vichochoro. Huo ni utawala wa magari ya vita ulivyokuwa. Gari haliwezi kukufuata mlimani, lakini linaweza kukuzuia usishuke kulima, usipeleke mazao sokoni, usivuke kwenda kwa ndugu zako. Miaka 20 ya namna hiyo haihitaji vita kila siku. Inatosha watu wajue kwamba ukionekana uwandani utafikiwa.

Na silaha? Wimbo unauliza kama kulikuwa na ngao au mkuki kwa watu 40,000 wa Israeli. Tuichukue kama lugha ya ushairi, sawa, lakini maana yake iko wazi: hili lilikuwa jeshi la majembe, fimbo za kuswagia ng'ombe na mapanga machache.

Gari lenyewe

Neno "magari ya chuma" limewapotosha wasomaji wengi, na wachoraji wa vitabu vya watoto ndio zaidi. Hakuna farasi wawili wangeweza kukimbia na gari lililotengenezwa kwa chuma kitupu. Gari la vita la zama zile lilikuwa jepesi ajabu. Magari sita yaliyokutwa kwenye kaburi la Farao Tutankhamun wa Misri yanatuonyesha ufundi huo: fremu ya mbao zilizokunjwa kwa mvuke, sakafu ya kamba za ngozi zilizosukwa ili kupunguza mtikisiko, magurudumu mawili yenye njiti sita, mti mmoja wa kukokotea unaoishia kwenye nira. Gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 30 na ushei, mtu mmoja angeweza kulinyanyua. Chuma, ambacho bado kilikuwa cha thamani, yaelekea kilitumika sehemu za kuumia tu, kama vile mhimili, pini za magurudumu na vifungo.

Ndani wanasimama wawili, mwendeshaji na mpiga upinde. Kazi ya gari ni kumsogeza mpiga upinde karibu, apige, kisha limtoe kabla hajafikiwa, na kuwasaka askari wa miguu wakishavunjika na kukimbia. Nguvu yake yote ni mwendo na kugeuka. Likisimama ni jukwaa dogo la mbao lenye watu wawili juu yake na farasi wawili waliofungwa pamoja mbele.

Hesabu ya 900 si ya kuchekwa. Thutmose wa Tatu wa Misri, alipowapiga wafalme wa Kanaani hapo hapo Megido mwaka 1457 KK, aliandika kwenye ukuta wa hekalu la Karnaki kwamba aliteka magari 924 na farasi 2,041. Kwa hiyo idadi ya kundi hilo ilishawahi kukusanyika kwenye uwanda huu huu. Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyeandika karne ya 1, alipandisha Sisera hadi magari 3,000, wapanda farasi 10,000 na askari wa miguu 300,000. Hapo tumeshatoka kwenye historia tumeingia kwenye kupamba.

Sasa piga hesabu ya matunzo, maana hapo ndipo jemadari wa magari anapobanwa. Magari 900 ni farasi 1,800, bila wa akiba. Farasi wa wakati ule walikuwa wadogo. Tukisema kila mmoja ale kilo 6 za shayiri na majani kwa siku, ni karibu tani 11. Akinywa lita 25, ni lita 45,000 kila siku. Kikosi hiki hakiwezi kukaa popote isipokuwa penye mto au chemchemi kubwa na shamba la kulisha. Barabarani pia ni tatizo: ukipa kila gari na farasi wake mita 7, msururu wa mmoja mmoja unafika zaidi ya kilomita 6. Wa mbele akikwama, wa nyuma atajua baadaye sana.

Ndiyo maana Kishoni. Mtu anayeuliza kwa nini Sisera alijipeleka mtoni hajawahi kuwaza farasi 1,800 wanakunywa nini.

Mtego wa Tabori

Debora alikuwa anaamua kesi za watu chini ya mtende kati ya Rama na Betheli, karibu kilomita 90 kusini mwa Tabori. Alimwita Baraka mwana wa Abinoamu kutoka Kedeshi ya Naftali, akampa maagizo ambayo ukiyasoma kama amri ya kivita ni kamili: idadi (10,000), chanzo cha askari (makabila mawili ya kaskazini), mahali pa kukusanyika (mlima Tabori), na mahali adui atakapoletwa (mto Kishoni). Sehemu ya nne ndiyo ya ajabu. Uwanja wa mapigano umetajwa kabla adui hajatoka kambini. Anasema Sisera atavutwa hadi pale, pamoja na magari yake na watu wake. Baraka akasema haendi bila yeye. Debora akakubali kwenda, akamwambia heshima ya safari hiyo haitakuwa yake, maana Sisera atauzwa mkononi mwa mwanamke.

Tabori ni kilima kilichosimama peke yake, kama mita 588 juu ya usawa wa bahari na zaidi ya mita 400 juu ya bonde. Kinaonekana kutoka kila upande, na aliye juu anaona uwanda wote. Miteremko yake haipandiki kwa gari. Kukusanya watu 10,000 pale hakuwezi kufichika, na bila shaka haikukusudiwa kufichika. Mahali pa kujificha palikuwa tele kwenye vilima vya Naftali. Mtu anayekwenda Tabori anataka aonekane.

Na kweli habari zikafika. Waamuzi 4:12 inasema walimwambia Sisera kwamba Baraka amepanda Tabori. Mstari mmoja tu nyuma yake, msimulizi ametuingizia jambo linaloonekana halina mahali: Heberi Mkeni ametengana na Wakeni wenzake na kupiga hema karibu na Kedeshi. Wengi wameunganisha mistari hiyo miwili na kusema watu wa Heberi ndio waliopeleka habari. Msimulizi hakusema hivyo, ila ameipanga mistari yake kwa namna inayomfanya msomaji afikirie.

Sisera alifanya nini? Aliita magari yake yote 900, na watu wote waliokuwa pamoja naye, kutoka Haroshethi hadi Kishoni. Neno la kusimama nalo ni "yote". Hakuacha akiba, hakuacha kikosi cha kulinda njia ya kurudi, hakutuma nusu kwanza. Hapa ndipo tunapoliona kosa, na si kosa la mtu mjinga. Alikuwa na sababu nzuri: waasi wamejikusanya mahali pamoja baada ya miaka 20 ya kutawanyika, ni fursa ya kuwamaliza kwa siku moja. Jemadari aliyezoea kushinda anaiona hiyo kama zawadi.

Jinsi alivyozoea kushinda tunaipata kwenye beti za mwisho za wimbo. Mama yake yuko dirishani, anauliza gari la mwanawe linachelewa kwa nini. Wanawake wenye busara wa nyumbani kwake wanamjibu, naye anajijibu vilevile: bila shaka wanagawana nyara, msichana mmoja au wawili kwa kila mwanamume, nguo za rangi zilizotariziwa. Maelezo ya kuchelewa yapo tayari kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kushindwa hakumo hata kwenye orodha ya mambo yanayoweza kutokea. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, katika Rosh Hashana 33b, inatumia kilio cha mama huyu kuamua sauti ya tarumbeta ya pembe ya kondoo iweje siku ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi. Ajabu ya watu hawa: adui yao mkubwa, lakini uchungu wa mama yake wameuweka kwenye ibada.

Angeweza kufanya nini kingine?

Asipande mlimani, hilo alilijua. Lakini hakulazimika kukaribia. Juu ya Tabori hakuna chemchemi. Kuna matangi ya kuchimbwa ya maji ya mvua. Watu 10,000 wakinywa lita 3 tu kwa siku wanahitaji lita 30,000. Katika vita vya Wayahudi na Warumi, mwaka 67 BK, waliokuwa wamejiimarisha Tabori walisalimu amri kwa sababu maji yaliwaishia. Josephus, aliyewahi kuupigia mlima huo ukuta, ndiye anayesimulia. Kwa hiyo kiangazi, mwenye magari anachotakiwa ni kushika njia za chini, kuzuia chakula na maji, na kungoja. Wiki moja, mbili, walio juu watashuka wenyewe.

Wakati wa mvua hesabu inapinduka. Matangi ya juu yanajaa, na wakati huo huo uwanda wa chini unalainika. Njia mbili za kushinda, kuzingira na kushambulia, zinafungwa pamoja. Iliyobaki ni moja: kuyarudisha magari kwenye ardhi ngumu na kuacha siku zipite. Jemadari aliyekwisha kuita magari yake yote mbele ya wafalme washirika atasemaje kwamba anarudi nyuma kwa ajili ya mawingu?

Udongo

Bonde la Yezreeli lina udongo mweusi wa mfinyanzi mzito, unaopasuka nyufa kiangazi na kuvimba ukinyeshewa. Ni wa jamii moja na udongo wa mbuga nyeusi za Usukuma na tambarare za Athi, na aliyewahi kukwama huko na gari lenye magurudumu manne na injini hahitaji kuelezwa zaidi. Tambarare hii inamwaga maji yake karibu yote kupitia Kishoni, na Kishoni inatoka bondeni kupitia mlango mwembamba kati ya Karmeli na vilima vya Galilaya ya chini. Kiangazi sehemu zake za juu ni kijito cha kuruka, au hakuna maji kabisa. Mvua kubwa ikipiga vilima vya pande zote, maji yanafika chini kwa pamoja na mlango haumezi. Hadi miaka ya 1920, mifereji ilipochimbwa, sehemu za bonde zilikuwa matope na vinamasi.

Mvua za nchi ile huanza Oktoba au Novemba na kuisha Aprili. Mei hadi Septemba ni kukavu. Hapa kuna ulinganisho ambao hauzungumzwi vya kutosha. Thutmose alipigana Megido karibu na mavuno, ngano ikiwa shambani, ndiyo maana aliivuna akailisha jeshi lake. Magari yakafanya kazi. Jenerali Allenby alipoingiza wapanda farasi wa Uingereza bondeni kupitia korongo lile lile la kusini alilopita Thutmose, ilikuwa tarehe 20 Septemba 1918, udongo ukiwa mgumu kama saruji. Wakafika Afula na Nazareti siku hiyo hiyo. Bonde ni moja, na farasi ni farasi. Kilichotofautiana kwa Sisera ni maji ardhini.

Hatuamini kwamba aliyatoa magari katikati ya masika makali. Hakuna jemadari wa magari angefanya hivyo, na wafalme wa zama zile walitoka vitani majira ya kuchipua, kama 2 Samweli 11:1 inavyosema. Yaelekea ilikuwa ukingoni mwa majira, wakati ardhi inaonekana imekauka na mvua moja ya mwisho bado iko angani. Debora ndiye aliyetoa ishara: inuka, siku ndiyo hii. Kwa muumini, aliambiwa na Mungu. Kwa askari, alingoja wingu. Mwandishi wa Waamuzi hatenganishi mambo hayo mawili, wala hatuoni haja ya kumlazimisha.

Gari linavyokufa

Fuata mpangilio wa kuharibika. Kwanza magurudumu, yenye upana wa sentimita chache tu, yanakata udongo badala ya kupita juu yake. Uzito wa watu wawili wenye silaha ni mara nne au tano ya gari lenyewe, na wote uko juu ya mistari miwili myembamba. Udongo unanata, unajaa kati ya njiti, gurudumu linakuwa bamba. Farasi wanavuta mwili mzito kwenye ardhi inayoteleza, bila viatu vya chuma, nira ikiwa shingoni; mmoja akianguka anamwangusha mwenzake, kwa sababu wamefungwa nira moja.

Wakati huo ngozi inalowa. Ngozi mbichi ndiyo iliyokaza viungo vya gari: ikikauka inabana, ikilowa inalegea. Sakafu inabonyea, viungo vya njiti vinacheza. Upinde wa kuunganishwa kwa mbao, pembe na mishipa umeshikwa kwa gundi ya wanyama, na gundi hiyo haipendi maji. Josephus anaongeza kwamba mvua na mawe ya barafu viliwapiga Wakanaani usoni, wasiweze kulenga, na baridi ikawafisha ganzi mikono ya upanga. Hatuwezi kumtegemea kwa hesabu, lakini hapa anaeleza jambo ambalo fundi yeyote wa pinde angelitarajia.

Halafu watu 10,000 wanashuka. Askari wa miguu kwenye tope naye anateleza, ndiyo, ila anatoa mguu na kuendelea, na hana kitu cha kugeuza. Aliyekuwa windo kwa miaka 20 anamkuta mwendeshaji gari amesimama.

Waliokuwa bado wanatembea walirudi walikotoka, na hapo jiografia ikawamaliza. Kama Haroshethi ilikuwa karibu na ule mlango mwembamba wa kaskazini-magharibi, kama ilivyodhaniwa kwa muda mrefu, basi njia ya kukimbilia nyumbani na njia ya mafuriko ilikuwa ile ile. Wimbo unasema Kishoni iliwachukua. Zaburi ya 83 inataja Endori pia, chini ya Tabori. Ukiweka Endori, Taanaki, Megido na Kishoni kwenye ramani unapata mapigano yaliyotapakaa zaidi ya kilomita 20, mfukuzano mrefu kuliko pambano la mahali pamoja. Wapo wanaoipeleka Haroshethi kwingine: mwanaakiolojia Adam Zertal alipendekeza El-Ahwat, kusini-magharibi mwa bonde, na mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Haifa kilitangaza kipande cha shaba nyeusi kutoka pale kama sehemu ya pini ya gurudumu la gari la vita. Kipande hicho ni cha kuvutia. Kujenga juu yake mji mzima wa Sisera ni kukipa mzigo kisichoubeba.

Hema

Sisera alishuka garini akakimbia kwa miguu. Na alikimbia upande mwingine: jeshi linaelekea Haroshethi, yeye anaelekea mahema ya Heberi. Baraka alidanganyika na hilo kwa muda, akayafukuza magari hadi Haroshethi huku mwenye magari akiwa amechepuka.

Ni umbali gani? Kedeshi maarufu ya Naftali iko Galilaya ya juu, zaidi ya kilomita 60 kutoka Taanaki, mbali mno kwa mtu anayekimbia kwa miguu. Lakini mwaloni wa Saananimu, ambao sura ya 4 inautaja kama jirani ya hema, umetajwa pia Yoshua 19:33 kwenye mpaka wa Naftali pamoja na Adami-nekebu na Yabneeli, yaani upande wa kusini. Huko, juu ya ufuko wa kusini-magharibi wa Bahari ya Galilaya, kuna magofu yanayoitwa Khirbet Qedish, kama kilomita 16 kutoka Tabori. Tunaona hapo ndipo. Mtu mwenye hofu anafika kwa siku moja, akiwa hoi.

Hesabu yake ya kisiasa ilikuwa sahihi juu juu: palikuwa na amani kati ya Yabini na nyumba ya Heberi. Wakeni wanadhaniwa na wengi kuwa walikuwa wahunzi, na mhunzi karibu na magari 900 ana biashara, kwa hiyo amani hiyo inaeleweka. Lakini Wakeni walikuwa pia wakwe wa Musa kupitia Hobabu. Nyumba ile ilikuwa na maagano mawili, na Sisera alikumbuka moja. Zaidi ya hapo, agano la Yabini lilikuwa na Heberi, na aliyetoka nje ya hema kumlaki hakuwa Heberi, alikuwa mkewe Yaeli.

Karibu, bwana wangu, karibu kwangu, usiogope. Kwa desturi za wahamaji, hema la mke ni lake, mwanamume wa nje haingii. Hata Mwanzo 31 inaonyesha Lea na Raheli wakiwa na mahema yao. Kwa mkimbizi hiyo ni salama kubwa, wanaomsaka watasita kupekua pale. Kwa upande wa pili, mgeni aliyeingia humo keshavunja desturi ambayo ingemlinda. Aliomba maji. Yaeli akafungua kiriba akampa maziwa, kwenye bakuli la heshima kwa mujibu wa wimbo, akamfunika. Sisera akatoa amri yake ya mwisho: simama mlangoni, mtu akiuliza kama kuna mtu humu, sema hakuna. Kisha akalala bila mlinzi, ndani ya nyumba ambayo mwenye agano hayupo.

Kupiga hema na kulivunja ilikuwa kazi ya wanawake, hivyo kigingi na nyundo vilikuwa vyombo vya mkono wa Yaeli vya kila siku, havikuhitaji kutafutwa wala havikumshtua mtu. Alikipigilia kwenye kipaji hadi kikaingia ardhini. Wimbo unamwonyesha Sisera akiinama na kuanguka miguuni pake, kana kwamba alikuwa amesimama. Sura ya 4 inasema alikuwa usingizini. Kwa mtu aliyetoka kwenye mvua na mbio za kutwa nzima, akashiba maziwa, tunaliamini la usingizi. Kuanguka miguuni ni njia ya ushairi kuonyesha aliyeanguka ni nani.

Yabini baada ya Sisera

Yoshua 11 inasema Yabini mfalme wa Hazori aliuawa na mji kuchomwa zamani kabla ya haya, na wachimbaji chini ya Yigael Yadin, kuanzia 1955, walikuta kweli mji mkubwa ulioteketea karne ya 13 KK. Wengine wanasema Yabini lilikuwa jina la ukoo wa kifalme, wengine kwamba msimulizi aliunganisha habari mbili. Tunaelekea kwa wa kwanza, lakini kwa kisa hiki halibadilishi kitu: mwenye kupigana siku ile alikuwa Sisera, na wimbo wenyewe unamruka mfalme.

Sura ya 4 haisemi Yabini alianguka siku ile. Inasema mkono wa Waisraeli ulizidi kumlemea hadi wakamwangamiza, na hilo linaendana na hali ya vifaa. Jeshi la wakulima likipigwa huweza kurudi msimu unaofuata na majembe yale yale. Magari 900 yanadai mafundi wa kukunja mbao, mbao zenyewe, farasi 1,800 na watu 1,800 waliofunzwa. Maelekezo ya Kikkuli, mfundisha farasi wa ufalme wa kale wa Mitani aliyewafanyia kazi majirani zao Wahiti, yanakwenda zaidi ya siku 180 kumwandaa farasi mmoja wa gari, na hapo farasi yupo tayari. Yabini alitakiwa kuyalipia hayo yote wakati barabara iliyokuwa inamletea ushuru imeshikwa na watu wa vilimani.